Pasi ya Saa Nane

Hospitalini kwetu alikuwa akiitwa Fundi, nami sitamwita kwa jina jingine. Hata alipopata shahada yake kubwa, tukajaribu kumwita Injinia, hakugeuka. Sista wa wodi ya watoto alimwita hivyo mara tatu pale kibarazani. Mara ya nne akapaza sauti, "We Fundi!" Akageuka papo hapo. "Sasa ndiyo umeniita," alisema.

Mimi ni mfuaji. Nimefua mashuka ya hospitali hiyo, upande wa Mbozi, kwa miaka mingi, na bado nafua. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikarudi kwetu Iyula kulima kahawa mpaka nilipopata kazi hii. Nasema hivyo mapema ili asitokee wa kunidai maelezo ya mitambo. Nitaandika nilichokiona na kukisikia, na pale nisipojua nitasema sijui. Fundi alifariki mwaka huu. Msibani alitajwa kwa vyeo vyake vyote kwenye kipaza sauti, na vilikuwa vya kweli, lakini nilipokuwa nimekaa kule nyuma niliona kwamba hakuna aliyetaja mkoba.

Ulikuwa mkoba mwekundu wa kike, wa kwendea kanisani, wenye kifungo cha rangi ya dhahabu. Ndani yake kulikuwa na bisibisi tatu, koleo, testa, mita ya kupimia umeme, utepe mweusi na pakiti ya biskuti. Biskuti zilikuwa za watoto wa wodini, ili wakae kimya anapofungua mashine. Nyingine alikula mwenyewe. Mkoba wa zana alikuwa nao, alipewa na hospitali, ukakaa kabatini. Alisema ukiingia wodini na mkoba wa zana wagonjwa wanaogopa kwamba kuna kitu kimeharibika, lakini ukiingia na mkoba wa kanisani wanadhani umekuja kumwona mtu. Shida ilikuwa Jumapili, kwa sababu mkoba ulikuwa huo huo mmoja. Siku moja katikati ya mahubiri alitaka kitambaa cha kujifutia jasho, akatoa koleo, akajipitishia usoni kabla hajagundua. Tuliokaa benchi la nyuma yake hatukusikia mahubiri tena.

Watu walikuwa wakitutania sisi wawili. Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyezidi. "Hospitali hii imepinduka," alikuwa akisema. "Mwanamke anashika spana, mwanamume anafua nepi."

"Nepi zinafuliwa na zinatakata," Fundi alimjibu. "Spana inashikwa na mashine inawaka. Gari lako je? Tangu juzi tunalisukuma."

Alikuwa mtu wa Tunduma, na Tunduma haikumtoka. Akifika kwenye mashine iliyozimika aliiwekea kiganja juu, akaisalimia, "Mulishani," kama wauza duka wa kule wanavyomsalimia mteja aliyevuka kutoka ng'ambo.

"Kwa nini usiisalimie kwa Kiswahili?" nilimuuliza.

"Imetoka Ulaya hii. Kiswahili haijui."

"Na Kibemba inakijua?"

"Imepitia mpakani. Lazima ilisikia kidogo."

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Usiniambie imeharibika. Niambie ilikuwa inafanya nini." Alilisema kwa wauguzi, kwa madaktari, na mara moja kwa mkuu wa hospitali mwenyewe. Alikuwa na imani kwamba mashine haizimiki tu. Kuna kilichotokea kabla, na kuna mtu alikiona, ila anaona haya kusema. Kwa hiyo hakumgombeza aliyekiri. Mhudumu mmoja alimwambia wazi kwamba alimwaga uji juu ya mizani ya watoto. Fundi alimshukuru kama mtu aliyeletewa zawadi. "Umeniokolea siku mbili," alimwambia. "Ningefungua kila kitu natafuta, kumbe ni uji."

Lakini asije akadhaniwa kuwa alikuwa hana kasoro. Aliweza kutia mkono ndani ya mashine ambayo mimi nisingeisogelea, ila sindano aliiogopa kuliko watoto. Akitumwa Itumba kusaidia vifaa vya kule Ileje, zile kona za milimani alizipita macho amefumba, mkoba kifuani, na dereva akimhesabia: "Bado nne, Fundi. Bado tatu." Alitukataza tusiweke chochote juu ya mashine, na kikombe chake cha chai kilikuwa juu ya mashine. Aliporudi kutoka zahanati moja ya Ivuna alitueleza jinsi hewa ya chumvi ya kule inavyokula skrubu mpaka zinavunjika zikiguswa, akasikitika sana, halafu akafungua mkoba tukaona amebeba kilo mbili za chumvi hiyo hiyo, zimelala juu ya bisibisi.

Na alisema kesho. Hilo nalo niliandike, kwa sababu habari yote inatokea hapo. Mashine za wagonjwa alizitengeneza leo. Vitu vingine vyote vilikuwa vya kesho.

Habari za kusoma alinieleza kwenye kamba za nguo, nilipokuwa naanika.

"Nataka kurudi shule," alisema.

"Shule gani tena? Si umeshamaliza zote?"

"Kuna moja imebaki."

Ilikuwa shahada ya uzamili ya uhandisi wa vifaa tiba. Alinieleza kwamba ni masomo ya watu walio kazini. Unakwenda chuoni, mjini mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, unakaa wiki kadhaa, unarudi kazini na mafurushi ya mazoezi, halafu unakwenda tena. Mwishoni unachukua tatizo moja la mahali unapofanyia kazi, unalipima, unalitafutia dawa, unaandika tasnifu, na unasimama mbele ya maprofesa kuitetea. Umri wake wakati huo sitautaja. Alinikataza akiwa hai, na sioni kwa nini nimgeuke sasa. Nitasema tu kwamba siku ya kwanza alipoingia darasani na mkoba wake, vijana wote walisimama. Walidhani ndiye mwalimu.

"Ukafanyaje?"

"Niliwaacha wasimame kidogo," alisema. "Nilikuwa sijawahi kusimamiwa."

Mtu aliyetutaka sote tukiri alimficha mama yake jambo hili karibu miaka miwili. Mama yake alikuwa na kibanda cha vitenge Tunduma, na maoni yake yalijulikana: mtu anasoma, anamaliza, anapumzika. Kwa hiyo kila Fundi alipopanda basi kwenda chuoni, kwa mama ilikuwa semina. Mama alishangaa serikali gani hii yenye semina za wiki tano.

Akirudi alikuja chumba cha kufulia, akageuza kapu la nguo chafu, akalikalia, akanisomea. Hesabu zile mimi sikuzijua hata kwa sura. Nilimwuliza kwa nini asiwasomee wauguzi, wenye shule.

"Wauguzi wanaitikia kwa kichwa hata wasipoelewa," alisema. "Wewe unakunja shuka tu. Nikifika mahali ukaacha kukunja, najua hapo nimesema kitu."

Tatizo alilochagua lilikuwa mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto. Hiyo hata mimi naijua. Inavuta hewa ya kawaida, inaichuja, inampa mtoto mwenye kifua kibaya hewa safi kwa mpira puani. Umeme ukipungua nguvu inalia, inaacha. Hapo sista anakimbilia mtungi wa akiba, na mtungi hauna siku nyingi ndani yake. Kilio chake nilikisikia kutoka kwenye beseni zangu, na kila nilipokisikia mikono yangu ilisimama yenyewe ndani ya maji.

Fundi aliona kwamba inalia zaidi msimu wa kahawa. Akawaza kwamba mashine za kumenyea kahawa za vijiji vyote vya kwetu zikiwashwa pamoja mchana, zinanyonya umeme, na sisi tunabaki na uliochoka. Ilikuwa fikra nzuri, na wasimamizi wake chuoni waliipenda. Akatengeneza kisanduku cha kupima nguvu ya umeme dakika hadi dakika, akakifunga kwenye ukuta wa korido, kati ya wodi ya watoto na chumba changu. Msimu mzima wa kahawa kisanduku kilipima. Dawa aliyoikusudia ilikuwa betri kubwa kama zile za malori yanayopanga foleni Tunduma, ziishike mashine saa zile za mchana kahawa inapomenywa.

Zikabaki siku nne aende kuwasilisha. Akaja kufanya mazoezi, amebeba karatasi ndefu yenye mchoro, akaibana kwenye kamba yangu ya ndani kwa vibanio vya nguo.

"Mheshimiwa Profesa," aliniambia.

"Endelea," nilisema. Nilikuwa nakunja.

"Huu mstari ni umeme. Hapa uko sawa, hapa sawa. Saa nane mchana, bonde. Kesho yake saa nane, bonde. Kila siku. Isipokuwa Jumapili, kwa sababu Jumapili watu wa kahawa wako kanisani."

Nikaacha kukunja. Yeye alifurahi, akadhani ni ile dalili yake.

"Na hapa," akasema, akigusa katikati ya karatasi, "wiki nzima hakuna bonde hata moja. Nadhani mvua ilinyesha, wakazima mashine."

Niliiangalia ile wiki. Haikuwa na mvua. Niliijua vizuri kwa sababu nilikuwa likizo, nipo kwetu Iyula nachuma kahawa yangu, na kila jioni niliipeleka kwenye mashine ya kumenyea pale mtoni, na mashine ile haikupumzika siku hata moja. Tulipanga foleni.

Kilichopumzika wiki ile ni pasi yangu.

Nieleze kuhusu pasi. Mashuka na nepi za watoto tunazianika nje, na huku kwetu kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Ukimvalisha mtoto nguo hiyo bila kuipiga pasi, baada ya siku chache anatokwa na majipu yenye funza ndani. Kwa hiyo nguo za watoto nazipiga pasi zote, pande zote mbili, mpaka kwenye mishono, na hilo sijawahi kuliruka; nikienda likizo naacha akiba iliyokwisha kupigwa. Nguo zinakauka saa saba. Saa nane napiga pasi. Jumapili sipigi. Soketi ya chumba changu ilikuwa imeungua tangu kabla ya Pasaka, na nilimwambia Fundi, na Fundi alisema kesho. Alikuwa na mitihani. Nikatafuta soketi nyingine, nikaipata nyuma ya mlango wa korido, hatua nne kutoka kwenye kisanduku. Waya wake ulitokea wodi ya watoto. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba pasi inapata moto.

Siku ile sikusema. Ningependa kuandika kwamba nilisema papo hapo, lakini haikuwa hivyo. Niliokota shuka nikaendelea kukunja, naye akamaliza, akasema, "Asante, Mheshimiwa Profesa," akaenda zake anaimba. Nilikwenda nyumbani. Nilifikiri mambo mawili. La kwanza, nikisema, kazi yake ya msimu mzima inakwenda na maji. La pili, kile kilio cha mashine, nilichokuwa nikikisikia mikono ikiwa ndani ya beseni asubuhi, saa nane sikuwahi kukisikia kwa sababu huwa nimefunga mlango ule wa korido kuzuia vumbi. Sista alikuwa akikisikia. Watoto walikuwa wakikisikia.

Asubuhi nilimkuta anamimina chai, nikamwambia.

"Fundi, yale mabonde ni pasi yangu."

Alikwenda koridoni, akafungua kisanduku, akaniita. "Chomeka."

Nikachomeka. Sindano ya kisanduku ikaanguka.

"Chomoa."

Ikapanda.

"Chomeka. Chomoa. Chomeka."

Kutoka wodini mashine ikaanza kulia, na sista akatoka mbio. "Nini tena? Saa nane bado!"

"Saa nane imekuja mapema," Fundi alisema. Akaniangalia. "Ile soketi yako iliyoungua, uliniambia lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Nikasemaje?"

"Kesho."

Akaingia chumba cha kufulia, akakaa juu ya kapu, akavuta shuka nililotoka kulikunja, akajifunika uso. Nilisimama mlangoni na pasi mkononi kama mtu aliyekamatwa. Nilidhani analia. Halafu shuka likaanza kutikisika na nikasikia anacheka. Nadhani alikuwa akifanya yote mawili. Sikumwuliza, wala yeye hakuniambia.

Sista akasema jambo ambalo nilijua atalisema, na alilisema kwa upendo. "Maprofesa watajuaje? Nani kati yao ameshawahi kuiona pasi ya Baba Tumaini huyu? Nenda kawasilishe, upate shahada yako. Sisi tutahamisha pasi, basi."

"Nitawawekea betri za kuzuia kahawa," Fundi alisema ndani ya shuka, "na mwakani mtu mwingine atachomeka pasi nyingine."

Alimpigia simu msimamizi wake nikiwa nimesimama pale. Alitaka nisikie. Msimamizi aliuliza, "Una uhakika?"

"Ninaye hapa aliyechomeka," alisema. "Nimpe simu mwongee?"

Nilitikisa kichwa kukataa, lakini msimamizi hakutaka kuongea nami. Alisema apime upya. Kupima upya maana yake ilikuwa kusubiri msimu mwingine wa kahawa, mwaka mzima, wakati vijana aliosoma nao wanavaa majoho. Fundi akasema sawa, akakata simu, na kabla hajanywa ile chai iliyokwisha kupoa alitengeneza soketi yangu. Ilimchukua nusu ya muda wa kuchemsha maharage.

Kwa wiki kadhaa niliona haya kukutana naye. Nilipita nyuma ya jengo la maabara, mzunguko mrefu, na kapu kichwani. Akanivizia huko huko nyuma. "Baba Tumaini, ukipita huku tena nitakupimia na wewe volti," alisema. "Njoo, nimepata wazo, na nahitaji mtu wa kukunja mashuka."

Wazo lenyewe lilikuwa kwamba ikiwa mimi nilijificha nyuma ya mlango, basi siko peke yangu. Msimu ulipokaribia aliomba ruhusa kwa mkuu wa hospitali, akatukusanya ukumbini baada ya sala ya asubuhi, tukiwa wote, kuanzia walinzi hadi madaktari.

"Leo hakuna wa kusemwa vibaya," alisema. "Nataka kila mtu aniambie anachomeka nini, wapi, na saa ngapi. Basi."

Watu walitazama viatu.

"Baba Tumaini ataanza," alisema.

Nikasimama. "Pasi," nilisema. "Nyuma ya mlango wa korido. Saa nane." Nikakaa.

Sista wa watoto akainua mkono polepole. "Birika. Chumba cha dawa."

"Moja?"

"Mawili."

Ukumbi ukacheka, na kicheko kile kikafungua mlango. Karani wa mapokezi akasema anachaji simu. Fundi akauliza za nani. "Zangu na za jirani." Majirani wangapi? Karani akafikiri, akasema, "Kama kijiji." Mkunga akataja jiko la umeme alilolifunika kwa katoni ya glavu. Dereva aliyekuwa akitutania alitaja redio, na baada ya kutazamwa kidogo akaongeza feni. Mchungaji wa hospitali, mtu mpole sana, akasimama akasema, "Kinanda. Na spika zake. Sala ya asubuhi." Mkuu wa hospitali alikuwa amesimama dirishani muda wote kama mgeni. Akakohoa. "Kuna kafriji," alisema. "Kadogo."

Fundi aliandika yote bila kucheka, isipokuwa kwenye kafriji. Hapo alishindwa.

Msimu ule alipima tena, safari hii akijua nani amechomeka nini. Ikaonekana kwamba kahawa ilikuwa na kosa lake, lakini dogo. Kilichokuwa kikiizima mashine ya watoto ni sisi wenyewe, kwa waya mmoja uliokuwa umebebeshwa korido nzima. Dawa haikuwa betri za lori. Dawa ilikuwa kuivutia wodi ya watoto waya wake peke yake, usioguswa na mtu, na kisanduku kidogo cha kuulinda, na kila mtu mwingine apewe soketi nzima mahali anapofanyia kazi ili asitangetange. Waya ukavutwa. Tangu hapo sijakisikia kile kilio saa nane, na siku hizi naacha mlango wazi, vumbi na liingie.

Alikwenda kutetea tasnifu, na aliporudi nilimwuliza ilikuwaje. Alisema profesa mmoja aliuliza ilikuwaje watumishi wote wakasema ukweli. "Nikamwambia walianza na mfuaji," alisema. Akanionyesha kitabu. Kilikuwa kinene, chenye jalada jeusi, Kiingereza kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akafungua ukurasa wenye mchoro wa korido yetu, nikaitambua kwa jinsi inavyokata kona. Nyuma ya mlango kulikuwa na alama ndogo, na pembeni yake neno moja ambalo niliweza kulisoma bila kusaidiwa: pasi.

"Hili mbona hukuligeuza Kiingereza?"

"Niliogopa usijione," alisema.

Joho lake nililipiga pasi mimi, katika chumba changu, kwenye soketi yangu, saa nane. Mama yake alikuwa ameshaambiwa. Alikuja kutoka Tunduma na kitenge kipya cha ng'ambo, akamtazama binti yake amevaa lile vazi, akauliza, "Sasa umemaliza kweli, au kuna nyingine imebaki?"

Haikupita hata miaka mitatu. Alianza kuchoka akipanda ngazi, akasema ni mwili alioupata kwa kukaa akisoma. Ulikuwa moyo. Walimpeleka mbali wakamrudisha, na mwishoni akaenda kukaa kwa mama yake. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa huko. Nilikwenda na kahawa ya kwangu, imekaangwa na kutwangwa nyumbani, nikashuka stendi nikatembea kando ya foleni ya malori, nikiwa nimejiandaa kusema jambo moja.

Alikuwa amelala chumba cha ndani, kisicho na dirisha la maana, taa inawaka mchana. Alikuwa amekonda, lakini mkoba ulikuwa kwenye msumari, na taa ile niliona imefungwa utepe mweusi shingoni, nikajua nani ameitengeneza. Aliniuliza habari za kila mashine, moja moja, kama mtu anayeuliza watoto. Nilimjibu zote. Halafu nikalisema.

"Fundi, ule mwaka. Ningekaa kimya, ungemaliza mapema. Nilikuchukulia mwaka mzima, na sikujua kwamba..." Nikashindwa kumalizia.

Akanimalizia mwenyewe. "Kwamba miaka iliyobaki ilikuwa michache?"

"Ndiyo."

"Baba Tumaini, ule mwaka ulikwenda wapi? Mimi niliukaa. Nilizunguka wodi zote natafuta mabirika. Nilimkuta mkuu wa hospitali na friji." Akaanza kucheka, kikohozi kikamkatisha, akangoja kipite, akaendelea kucheka pale alipoishia. "Ukinyang'anya mtu mwaka, huwa hacheki hivyo."

Sina hakika hata leo kama alisema hivyo kwa sababu ni kweli au kwa sababu alikuwa akinipenda. Nimeandika alivyosema.

Mama yake akaingia na mashuka yaliyotoka kuanuliwa uani, yana ubichi kidogo bado. Akataka kuyatandika.

"Yamepigwa pasi?" niliuliza.

"Baba, mgonjwa mkubwa huyu, si mtoto mchanga."

"Inzi hajui hilo, Mama," nilisema, nikayachukua. Pasi ilikuwa sebuleni, juu ya kabati. Niliinama nikatafuta soketi, nikaiona nyuma ya mlango. Nilisita kidogo. Nikachomeka.

Kule chumba cha ndani, mwanga wa taa ukapungua. Ukawa mwekundu kidogo, kisha ukatulia hivyo hivyo, dhaifu. Nilisimama na pasi mkononi.

"Nimekuona!" Fundi aliita.